Kinachoila nyumba ya magogo Uganda, na kwa nini dawa si jibu la kwanza

Mgeni akiiona nyumba ya magogo kwa mara ya kwanza, iwe kando ya Ziwa Bunyonyi, Fort Portal au visiwani Ssese, swali lake huwa lilelile: mchwa hawaimalizi? Ni swali la haki katika nchi yenye vichuguu kila shamba. Hata hivyo, ukizikagua nyumba za aina hii zilizoanza kuharibika, mara nyingi utakuta mchwa hawakuwa wa kwanza kufika. Yaliyotangulia ni maji. Yaliingia kupitia kichwa cha gogo kilichochomoza nje ya paa, au yaliruka kutoka chini kila mvua iliponyesha, gogo likalainika, kuvu ikaota ndani yake, kisha wadudu wakaja kumalizia kazi.

Nauweka mbele mpangilio huu kwa sababu fedha hufuata hofu. Anayeogopa mchwa hununua dawa, akapulizia ukuta mzima, halafu akaacha upenu wa sentimita 30 na maua yaliyoegemea ukuta. Mwaka wa tatu anamlaumu fundi. Shilingi ya kwanza ingekwenda kwenye paa, ya pili kwenye msingi, ya tatu kwenye rangi, na dawa ingesubiri zamu yake. Kuna jambo moja tu lisilofuata foleni hiyo, nalo ni mchwa wa ardhini. Hao inabidi washughulikiwe kabla gogo la kwanza halijalazwa, na nitawafikia.

Kwa nini gogo huoza

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu ina mahitaji manne: chakula, hewa, joto na maji. Chakula ni gogo lenyewe. Hewa ipo. Joto, kwa Uganda, halikatiki mwaka mzima. Kilichobaki mikononi mwako ni maji peke yake. Mbao yenye unyevu usiozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi, hata ikae miaka mia. Ikivuka hapo na kukaribia asilimia 30, kiwango ambacho nyuzi zake zimeshiba maji, kuvu hujipatia makao.

Hapa ndipo vitabu vingi vya nyumba za magogo vinapotupoteza. Vimeandikwa Kanada, Marekani na Skandinavia, ambako baridi kali husimamisha kuvu na wadudu kwa miezi kadhaa kila mwaka. Huku hakuna likizo hiyo. Kusini mwa Uganda mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba. Kaskazini, kama Gulu na Lira, huanza karibu Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwaka unaopendekezwa na vitabu hivyo hautoshi. Kagua kabla ya kila msimu wa mvua: kwa watu wa kusini, Februari na Agosti.

Lakini lipo somo moja la huko linalostahili kunakiliwa. Norwei ina makanisa ya mbao ya zama za kati, na lile la Urnes limesimama tangu karne ya 12. Makanisa yaliyoyatangulia yalikuwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini, nazo zikaoza na kupotea. Yaliyodumu ni yale ambayo mbao zake ziliinuliwa juu ya mawe na kufunikwa na paa refu. Mti ni uleule na hali ya hewa ni ileile. Kilichobadilika ni mahali ambapo mbao ilikutana na udongo.

Na si lazima twende mbali hivyo. Nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Muzibu Azaala Mpanga, ilikuwa na paa la nyasi lililoteremka karibu kugusa ardhi, hata mvua ikakosa njia ya kupiga pembeni. Kuliezeka lilikuwa jukumu la ukoo wa Ngeye, kazi ya kurithi. Nyumba ile iliteketea kwa moto Machi 2010, na hilo ni suala jingine, lakini wazo lake linabaki: paa linashuka kuufuata ukuta, na kuna watu wanaojua kwamba kulitunza ni kazi yao. Nyumba nyingi za magogo za leo hazina hata moja kati ya hayo mawili. Paa ni fupi, la bati, lenye sura nzuri kwenye picha, na kulitunza ni kazi ya yeyote atakayekumbuka.

Mvua huingilia wapi

Kwa nyumba isiyo na ghorofa, upenu wa sentimita 90 ndio wa chini ninaoukubali. Nyumba ikiwa na ghorofa, upenu wa juu hauwezi kuyalinda magogo ya chini dhidi ya mvua ya upepo. Hapo jenga veranda kuzunguka, au angalau upande mvua inakotokea. Upande huo hutofautiana. Ufukweni mwa ziwa hauwi sawa na bondeni Kasese, na mlima mmoja tu unaweza kugeuza kila kitu. Baada ya mvua yenye upepo, toka nje utazame magogo yapi yamelowa na hadi kimo gani. Fanya hivyo kwa msimu mmoja nawe utakuwa umeijua nyumba yako kuliko mkandarasi aliyeijenga.

Adui wa pili ni maji yanayotoka chini. Paa lisilo na gata humwaga maji mahali palepale kila siku. Hapo panachimbika, na matone huruka na tope hadi ukutani. Ukikuta magogo mawili ya chini yamepata rangi ya udongo mwekundu, hiyo ni ramani ya mahali yatakapoozea. Gogo la kwanza linatakiwa kukaa sentimita 45 juu ya ardhi, na kwa vyovyote lisishuke chini ya 30. Chini ya upenu mwaga kokoto, usisakafie kwa saruji, maana saruji ngumu huyarudisha matone ukutani kwa nguvu zaidi. Gata zenyewe zisafishwe majani, kwa kuwa gata iliyoziba humwaga maji yote sehemu moja ya ukuta, na hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na gata kabisa.

Halafu ondoa mimea. Mgomba uliopandwa hatua mbili kutoka ukutani unaleta kivuli, unyevu na majani yaliyooza, na mchwa wanapata njia isiyoonekana. Maua ya kupanda juu ya ukuta yanapendeza, lakini ukuta wa magogo unahitaji kukauka baada ya mvua, na hauwezi kukauka ukiwa umevikwa.

Sasa tuje kwenye pembe za nyumba, mahali magogo yanapopishana na vichwa vyake kuchomoza nje. Mti hupandisha maji kwa urefu wake, si kwa upana. Kichwa cha gogo kilichokatwa ni kama fungu la mirija ya kunywea malwa, pombe ya ulezi, iliyoachwa wazi: kila tone linalokigusa linavutwa ndani. Ndiyo maana utakuta ukuta mzima ni mzima, lakini ukichoma bisibisi kwenye vichwa vya pembeni inazama hadi mpini. Fundi anayejua kazi huyakata magogo ya juu yachomoze zaidi na ya chini yachomoze kidogo, ili ya juu yawe mwavuli wa ya chini, na hakuna kichwa kinachopita mstari wa upenu. Kama nyumba yako tayari ina vichwa vinavyolowa, vikate virudi ndani, kisha uvipake dawa ya kuzuia maji mara tatu au nne hadi viache kunywa.

Kuhusu nyufa, watu huogopa zisizofaa kuogopwa. Gogo la duara likikauka litapasuka. Mbao husinyaa zaidi kwa kuzunguka pete zake kuliko kuelekea moyoni, karibu mara mbili, na tofauti hiyo lazima itoke mahali. Ufa wenyewe haudhoofishi ukuta. Cha kuangalia ni mwelekeo wake. Ufa ulioangalia chini unamwaga maji wenyewe, uache. Ufa ulioangalia juu ni bakuli. Ukizidi upana wa milimita 6 au hivi, sukumia ndani kamba ya povu kisha juu yake paka gundi laini inayovutika. Kamba hiyo ina kazi: gundi inashika kingo mbili tu za ufa, si sehemu ya chini, kwa hiyo gogo likivuta na kuachia gundi inanyumbuka bila kuchanika.

Kosa ninaloliona sana ni kuziba nyufa, na hata nafasi kati ya gogo na gogo, kwa saruji. Saruji hainyumbuki. Gogo likisinyaa inaachana nalo na kubaki na ufa mwembamba kama uzi, maji yanaingia humo na hayapati pa kutokea. Udongo uliochanganywa na samadi unaishinda saruji kwa hili: unanyonya unyevu na kuuachia, na ukidondoka unapakwa upya asubuhi moja. Utumie tu mahali mvua haifiki.

Jua la Ikweta halifuati vitabu

Vitabu vya Ulaya na Marekani vitakuambia ukuta wa kuchungwa ni wa kusini. Uganda inakatwa na Ikweta. Ukipita barabara ya Masaka pale Kayabwe unaivuka. Jua letu la adhuhuri huwa karibu utosini, likielemea kidogo kaskazini mwezi Juni na kidogo kusini Desemba. Upenu mzuri unatosha kuzifunika kuta hizo mbili. Kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la chini asubuhi na jioni. Ya magharibi ndiyo huchakaa vibaya zaidi, kwa sababu jioni gogo tayari lina joto la mchana kutwa.

Jua haliozeshi mbao. Linaunguza kile kinachoshikanisha nyuzi kwenye ngozi ya juu, mbao inageuka kijivu, inachanika vinyuzi, na mvua inavisomba. Kwa unene ni kidogo sana, ila ngozi hiyo iliyochanika hunywa maji haraka. Sehemu za juu kama Kabale, karibu mita 1,900 na kuendelea juu ya usawa wa bahari, hewa inaweza kuwa ya baridi huku miale ikiwa mikali kuliko ufukweni Entebbe. Watu husahau hilo kwa kuwa hawatoki jasho.

Kinachozuia miale ni rangi yenyewe, yaani chembe za rangi zilizomo ndani ya dawa unayopaka. Vanishi isiyo na rangi, ile inayoacha gogo liking'aa kama sahani, huacha miale ipite hadi kwenye mbao. Mbao inachakaa chini yake, vanishi inaachia, inapasuka na kubanduka vipandevipande, na maji yanaingia nyuma yake. Kuirudia inabidi uikwangue yote. Mimi nisingeiweka nje ya nyumba ya magogo hata kwa bei ya bure. Chagua dawa ya mafuta yenye rangi, ile inayopenya bila kuacha utando. Ikichakaa inafifia tu, unaosha na kupaka tena juu yake.

Kujua kama imechakaa hakuhitaji mtaalamu. Rusha maji kidogo ukutani. Yakisimama kama shanga na kutiririka, rangi bado ipo. Yakinywewa na mbao ikawa nyeusi ndani ya dakika chache, wakati umefika. Ukuta wa magharibi unaweza kudai rangi mara mbili kabla wa kaskazini haujadai mara moja, na hakuna sheria inayokulazimisha kupaka nyumba nzima siku moja.

Kabla ya kupaka, osha kwa sabuni, maji na brashi laini. Mashine ya maji ya nguvu inachana nyuzi na kupenyeza maji kwenye viungo ambavyo umetumia fedha kuvikausha. Kwa wenye nyumba ufukweni mwa Ziwa Viktoria, uoshaji ni wa mara nyingi zaidi: mawingu ya sami, wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi kutoka ziwani, hufia ukutani, buibui wanajenga, na takataka ile ikipata unyevu inaota ukungu mweusi. Madoa meusi yaliyozunguka misumari ni kitu kingine. Hiyo ni chuma kikikutana na utomvu mchungu wa mti, hasa mkaratusi, na dawa yake ni kutumia misumari iliyopakwa zinki tangu mwanzo.

Jambo dogo ambalo lazima lisemwe hapa kwa sababu linafanana na uharibifu bila kuwa uharibifu: nyumba iliyojengwa kwa magogo mabichi itashuka. Gogo husinyaa kwa unene, kwa urefu karibu halisogei, hivyo ukuta wa mita 2.5 unaweza kupungua sentimita 10 hadi 15 katika miaka ya mwanzo. Nguzo za veranda, zilizosimama wima, hazishuki. Ndipo paa linapinda, milango inakwama na madirisha yanapasuka. Fundi mzuri huacha nafasi juu ya kila mlango na dirisha, akaijaza kitu laini na kuifunika kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu, na chini ya kila nguzo akaweka jeki ya nati ili ateremshe kidogokidogo. Ukinunua nyumba iliyokwisha kujengwa, uliza nafasi hizo ziko wapi. Muuzaji akikutazama tu bila jibu, umejibiwa.

Mchwa

Mchwa wetu wakubwa, wale wa vichuguu, wanavunja kanuni niliyoianza nayo. Hawasubiri gogo lilowe. Wanakuja na unyevu wao kutoka ardhini, kupitia vijia vya udongo wanavyovijenga wenyewe, na wanaweza kula mbao kavu kabisa. Kijia hicho ni uhai wao: mchwa mfanyakazi ana ngozi laini, jua na upepo vinamkausha, kwa hiyo hatembei hadharani. Mbao anayoila hurudishwa kichuguuni, ambako wanalima kuvu yao maalumu na kula mavuno yake.

Kumbuka kwamba kumbikumbi tunaowakusanya mvua zinapoanza na kuwakaanga ni mchwa walewale, wakiwa na mabawa, wanatoka kwenda kuanzisha makundi mapya. Kumbikumbi kuzunguka taa ya nje si habari. Lakini ukiamka ukakuta rundo la mabawa ndani, kwenye dirisha la chumba ambacho madirisha yake yalikuwa yamefungwa, tafuta walikotokea. Huenda ni chini ya sakafu yako.

Kwa kuwa lazima wapande kutoka ardhini, ulinzi dhidi yao ni wa ujenzi kabla haujawa wa dawa. Msingi uwe wa mawe au zege lisilo na nyufa, na kati yake na gogo la kwanza lazwe bati lililokunjwa, likichomoza pande zote mbili na kuinama chini. Watu hudhani bati hilo linawazuia mchwa. Haliwazuii, wanaweza kulizunguka. Kazi yake ni kuwalazimisha wajenge kijia chao nje, kwenye mwanga, mahali utakapokiona. Nyumba isiyo na bati inaliwa kwa siri kupitia katikati ya ukuta wa msingi. Na nyumba yenye bati ambayo hakuna anayechungulia chini yake haina tofauti kubwa na isiyo nalo, ndiyo maana nafasi chini ya sakafu iwe ya kutosha mtu kuingia kwa tumbo akiwa na tochi.

Ukikuta kijia, kina unene wa penseli au zaidi kidogo, usikivunje chote kwa hasira. Vunja kipande cha sentimita tano katikati. Ukiona wafanyakazi weupe wanakimbia, kinatumika. Kikiwa kitupu, rudi kesho: kama kimezibwa kwa udongo mbichi, bado kinatumika. Fuata kijia kuelekea chini mpaka ujue kinaingilia wapi, ndipo umwite mtu wa dawa, kwa maana dawa inayofaa ni ya kutibu udongo pale na kuzunguka msingi, si ya kupaka ukuta. Dawa za zamani kama dieldrini zilikaa ardhini miongo na zilisifiwa kwa hilo, lakini sumu iliyokaa ardhini iliingia pia kwenye maji na maziwa, na Mkataba wa Stockholm ulioanza kutumika mwaka 2004 umezipiga marufuku. Anayekuuzia "ile ya zamani yenye nguvu" kwenye chupa isiyo na lebo, mwache na chupa yake. Za sasa, kama za fipronili au imidaklopridi, lazima zirudiwe baada ya miaka, na mtu mwenye kisima karibu na nyumba aseme hivyo mapema.

Kuchimba kichuguu na kumtoa malkia, kama wazee wengi vijijini walivyofanya, husaidia kichuguu kikiwa kimoja na karibu. Hakusaidii kama viko sita kwenye shamba la jirani. Na kuni zilizopangwa ukutani chini ya upenu, jambo la kawaida sana kwa kuwa ndipo pakavu, ni daraja unalowajengea kwa mikono yako mwenyewe. Zihamishe, ziinuliwe kwenye mawe.

Dumuzi na wenzao

Dumuzi wadogo wa unga hupenda mbao nyeupe ya nje ya miti yenye majani mapana, mahali wanga ulipohifadhiwa. Mkaratusi ni wao. Paini hawaigusi, ingawa ina wadudu wake. Utaona matundu ya milimita moja au mbili na unga laini mno sakafuni. Tundu ni mlango wa kutokea, maana yake kazi ilifanyika miezi iliyopita. Unga ukiendelea kudondoka baada ya kufagia, bado wamo.

Hapa ndipo mabanzi yanapotuponza. Nyumba nyingi zinazoitwa za magogo ni za matofali zilizovikwa mabanzi, yale mapande ya nje yanayobaki mashine ikipasua mbao. Ni rahisi na yanapendeza, lakini karibu yote ni mbao nyeupe, sehemu ya mti isiyo na kinga yake ya asili. Moyo wa gogo ulikwenda kwa mtu mwingine. Mabanzi yakibandikwa na gome lake, mambo ni mabaya zaidi, kwani chini ya gome ndiko wadudu wanakotaga. Bandua gome lote, tibu, na acha nafasi ya hewa kati ya banzi na tofali.

Nyuki mkubwa mweusi anayetoboa tundu la duara safi, la kuingia kidole, hula chavua na si mbao. Anatafuta nyumba tu. Ziba tundu akishatoka na upake rangi. Ndege wakigogota ukuta bila kukoma, usiwafukuze kabla hujaangalia wanachokifuata ndani ya gogo. Samani za mitumba kutoka Mombasa au Dar zikaguliwe pia, kwa sababu Pwani wapo mchwa wa mbao kavu wasiohitaji udongo kabisa. Kinyesi chao ni chembe ndogo ngumu zinazomwagika chini ya kabati.

Dawa, na suala la oili chafu

Boraksi pamoja na asidi ya boriki, zikiyeyushwa kwenye maji ya moto, ni dawa ninayoiheshimu. Huingia zenyewe ndani ya gogo zikifuata unyevu, hivyo muda wake mzuri ni siku gogo limebanduliwa gome na bado bichi. Huua kuvu na wadudu wanaoila mbao. Udhaifu wake ni huohuo: mvua huziondoa, kwa hiyo lazima zifunikwe na rangi, na hazifai kwa mbao inayogusa ardhi.

Kwa nguzo inayoingia ardhini, kinachofaa ni mbao iliyotibiwa kwa shinikizo kiwandani, ile ya kijani kama nguzo za umeme. Hata hiyo ina moyo ambao dawa haikufika, hasa kwa mkaratusi. Ukikata ncha umefungua njia, basi ncha iliyokatwa ikae juu, isizikwe. Nguzo huoza usawa wa ardhi, si kule chini kabisa: chini hakuna hewa ya kutosha, juu hakuna maji ya kutosha, na pale kwenye mstari vyote viwili vipo. Kumwagia zege kuzunguka nguzo kunatengeneza kikombe cha kuhifadhia maji hapohapo. Bora nguzo isimame juu ya kiatu cha chuma kwenye kitako cha zege.

Oili chafu ya gari ndiyo dawa ya maskini na matajiri vilevile; kila gereji inaigawa. Inafukuza maji kwa muda, na kwa nguzo za uzio wa ng'ombe sina ugomvi mkubwa nayo zaidi ya udongo inaouchafua. Kwenye ukuta wa nyumba ni jambo jingine. Haiingii ndani zaidi ya ngozi, inanuka miezi, inaongeza hatari ya moto, na rangi nzuri haitashika juu yake tena. Aliyeipaka mwaka huu amejifunga kuipaka maisha yote ya nyumba hiyo.

Gogo likiwa limeshaoza, kwanza tafuta maji yanakotoka, maana kiraka kipya kwenye mvua ileile kitaoza vilevile. Choma kwa bisibisi na uinue kipande: mbao nzima hutoka na vibanzi virefu, iliyooza hukatika fupi bila kelele. Endelea hadi upate mbao ngumu, kisha ukate sentimita kadhaa zaidi, kwani kuvu hutangulia uozo unaoonekana. Uozo wa juujuu unaweza kukatwa na kuvikwa nusu ya gogo lingine lililokaushwa na kutibiwa. Ukiwa umefika moyoni kwenye gogo la chini kabisa, nyumba inabidi inyanyuliwe kwa jeki na gogo libadilishwe, kazi ya mafundi waliowahi kuifanya. Vipande vya ile mbao ya kijani vinavyobaki visiingie jikoni wala visitandikwe bandani kwa kuku: dawa yake mara nyingi ina arseniki, nayo hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.